Rangi ya koini yako imetoka wapi? Angalia ukingo kabla hujasema ni rea

Watu hapa Lamu wakishajua unakusanya sarafu za kale basi simu haitulii, mtu anakutumia picha kwa watsapp, koini imelala kwenye kiganja inang'aa njano ama nyeupe vile haifai kuwa, chini ameandika "hii ni rea?", yaani ni koini adimu ya bei kubwa, na kabla hujamjibu ashakutumia na video ya jamaa fulani wa mtandaoni anayesema koini ya rangi kama hiyo iliuzwa mamilioni. Nimejibu hili swali kwa mmoja mmoja mpaka nimeona bora niliandike hapa lote, manake jibu fupi la "hapana" linawavunja watu moyo na halifundishi kitu, na mimi hizi koini nazipenda kweli, nataka mtu akiishika ajue ameshika nini.

Msimamo wangu ni huu. Rangi ngeni juu ya koini mara nyingi sana imekuja baada ya koini kutoka kiwandani. Ama ilichovywa dhahabu ama fedha na sonara, ama ililiwa na chumvi na limau, ama ni ganda lake lenyewe la kiwandani (ule utando mwembamba wa metali nyingine juu ya koini) limechakaa. Koini iliyokosewa kiwandani ipo, sikatai, lakini hiyo unaifikiria mwisho kabisa ukishamaliza zote nyingine. Na kujua ni ipi usikodolee macho ile sura ya mfalme, angalia ukingo, angalia tundu kama ina tundu, na angalia pale palipochakaa.

Tuanze na zile ambazo ganda ni lao la halali. Koini zetu za Kenya za sasa, zile za Disemba 2018 zenye wanyama, twiga kwa bob (shilingi moja), kifaru kwa tano, simba kwa kumi na ndovu kwa ishirini, zote ni chuma kilichovikwa nikeli. Bob ya Moi ya 1995, ile ya njano, ni chuma kilichovikwa brasi, na senti kumi ya mwaka huo huo ni chuma kilichovikwa kopa (kopa ni shaba nyekundu na brasi ni shaba ya njano, mimi naandika kopa na brasi kama wanunuzi wa skrapa manake tukisema shaba tu tutachanganyikiwa). Ukizisogezea sumaku zinaruka zenyewe. Sasa ukipata bob ya 1995 ina madoadoa, nusu njano nusu kijivu, hiyo ni brasi imekwisha na chuma kimetoka nje, na ukiiweka chini ya lenzi utaona njano imebaki ndani ya mabonde ya herufi na kijivu kiko juu ya shavu la Moi na kwenye ukingo, yaani kulekule kunakosuguliwa na vidole na mfuko. Kama ingekosa ganda kiwandani ingekosa kote mpaka mle ndani ya herufi. Hii tofauti ya wapi rangi imebaki na wapi imeondoka ndo nusu ya elimu yote ya mambo haya, na haihitaji mashine, inahitaji lenzi ya kukuza mara kumi na mwanga wa dirishani.

Halafu sisi tuna bahari. Mtu wa Nairobi anaweza kuweka koini ya nikeli kwenye kopo miaka na isibadilike, hapa kwetu ikipata mkwaruzo mdogo tu unaofika chuma basi hewa ya chumvi inaingia, na nikeli haikisaidii chuma hata kidogo, inakimaliza haraka zaidi, kwa sababu kati ya hizo metali mbili chuma ndo kinacholiwa kwanza. Kutu inaota chini ya ganda, inalisukuma, unaona vipele vidogo vimeinuka juu ya koini na baadaye vinapasuka na kutoa maji ya hudhurungi. Nimeletewa koini ya vipele namna hii mtu anaapa kwamba ni kosa la kiwanda. Kosa la kiwanda lipo, kuna koini ambazo ganda halikushika vizuri tangu mwanzo na zikatoka na viputo, lakini hivyo viputo huwa safi, vimejaa hewa, rangi yake ni ileile ya koini, na havina kutu pembeni. Ukiona wekundu wa kutu umezunguka kipele, hiyo ni kazi ya chumvi.

Zinki inafanya kinyume chake. Wamarekani mwaka 1943, wakati wa vita, kopa ilikuwa inaenda kwenye silaha, wakapiga senti zao kwa chuma kilichovikwa zinki, na zinki inajitoa mhanga, inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone, mpaka itakapoisha. Nataja hizo senti za 1943 kwa sababu ndizo zimezaa udanganyifu mkubwa kuliko koini nyingi duniani. Ziko chache sana za mwaka huo ambazo kwa bahati mbaya ziligongwa kwa bronzi ya kawaida (mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni kopa) na hizo kweli zina bei ya kutisha, kwa hivyo watu wakachukua zile za chuma wakazichovya kopa. Jawabu lake ni la sekunde moja, ya chuma inashika sumaku na ina gramu 2.7, ya bronzi haishiki sumaku na ina gramu 3.11. Mtalii akimwachia kijana wa boti kule Shela konzi ya senti za kwao, bas atie sumaku kwanza kabla hajaanza ndoto.

Na hapohapo kwenye senti za Marekani kuna nyingine inayosumbua, senti nyeupe kama fedha kabisa, ama ya njano kama dhahabu, tarehe yoyote. Hiyo ni somo la kemia la shule za kwao. Wanachemsha senti kwenye maji ya sodiamu haidroksaidi yenye unga wa zinki, kopa inavikwa zinki inakuwa nyeupe, halafu wakiipitisha juu ya moto zinki na kopa zinaingiliana zinakuwa brasi, inang'aa njano. Watoto wanaenda nazo nyumbani, zinaingia mifukoni, zinazunguka, miaka thelathini baadaye moja inatua Lamu na mtu anadhani ni senti ya dhahabu. Kuna na zile zilizopakwa zebaki, zamani watoto walikuwa wakisugua zebaki kwenye koini ya kopa inageuka nyeupe ya kung'aa sana, halafu baada ya muda inafifia. Ukishuku zebaki usiisugue kwa kidole na usiikaribishe na moto, funga kwenye mfuko wa plastiki uiweke mbali na watoto.

Sasa nije kwa zetu, manake hapa ndo kuna utamu wenyewe. Huu mwambao ni wa masonara tangu zamani, na sonara wa zamani fedha yake aliipata wapi? Alizipata kwenye koini. Reale za Maria Theresa (koini kubwa za fedha za Austria) ziliyeyushwa zikawa vikuku na vipuli, rupia zikatobolewa zikatungwa kwenye vidani, na zile ambazo mwenyewe alitaka zionekane kama dhahabu zilipigwa maji ya dhahabu. Kwa hivyo mtu akiniletea rupia ya njano kutoka kwenye sanduku la nyanya yake, mimi kichwa changu hakiendi kiwandani India, kinaenda kwa sonara.

Shangazi yangu wa mtaa wa Langoni alinitolea kidani chake cha urithi nimwangalizie, katikati kina koini ya njano yenye kichwa cha Malkia Victoria, akaniambia, "Mwanangu, bibi yako alikuwa akisema hii ni paundi ya dhahabu, na sisi hatujamuonesha mtu." Nikamuomba ruhusa nikaenda nayo kibarazani kwenye jua. Ilikuwa rupia ya India, yenyewe imeandikwa, haina siri, Victoria Empress. Rupia hizo ni fedha ya 0.917 (yaani sehemu 917 kwa kila elfu ni fedha tupu), gramu 11.66, upana wake milimita 30 na kitu, wakati paundi ya dhahabu ni ndogo zaidi, milimita 22, gramu 7.98, hata ukubwa tu ulitosha. Lakini nilitaka aone kwa macho yake kwa hivyo nikampa lenzi. Juu ya sikio la Malkia na kwenye kikundo cha nywele dhahabu ilikuwa imekwisha, weupe wa fedha umetokea, doa dogo tu. Ukingoni yale meno ya koini yalikuwa meupe kwenye ncha na njano katikati. Herufi zilikuwa nene, zimejaa, pembe zake zimelainika, na juu ya ule uwanja mtupu kulikuwa na mng'aro mmoja tu uliotulia, haukuzunguka ukiinamisha koini vile unavyozunguka mng'aro wa kiwandani. Na pale kitanzi kilipolehemiwa, njano ilikuwa imepauka na kuingia wekundu, joto la kulehemu limefika pale baada ya kuchovywa, maana yake kitanzi kiliwahi kung'oka kikarudishwa.

Shangazi akaangalia muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hivyo bibi yako alidanganywa?" Nikamwambia, "Shangazi, sidhani, huenda yeye mwenyewe ndo aliyempelekea sonara." Akacheka, akasema basi huyo sonara alikuwa fundi maana imeshika mpaka leo, na akaivaa palepale.

Mizani kwenye kidani kile haikunisaidia kitu na ni vizuri niseme kwa nini, kwa sababu wengi mnatumia mizani kama hakimu wa mwisho. Kwanza kitanzi na lehemu zina uzito wao. Pili, ganda lenyewe ni jembamba kupita mnavyofikiri. Piga hesabu na mimi: rupia ya upana wa milimita 30.5 ukijumlisha nyuso mbili na ukingo unapata kama sentimita za mraba 16 na nusu. Ukiipaka dhahabu unene wa mikroni moja, yaani moja ya elfu ya milimita, umeongeza gramu 0.03 tu. Rupia iliyotembea sokoni miaka ishirini imepoteza zaidi ya hiyo. Kwa hivyo mizani haiwezi kukuambia kama koini imechovywa, inachoweza kukuambia ni metali gani iko chini ya ganda, na hilo ndo swali la maana zaidi kwa mtu anayetaka kununua.

Kuchovya kwenyewe kuna njia mbili kubwa za zamani na zinaacha alama tofauti. Ya kale ni ya zebaki, dhahabu inayeyushwa ndani ya zebaki inakuwa kama uji mzito, inapakwa, halafu koini inatiwa motoni zebaki inapaa inaacha dhahabu, na moshi huo umeua mafundi wengi duniani. Dhahabu ya namna hii huwa nene, ina rangi ya joto, imefifia kidogo, imelala mpaka ndani ya mabonde. Ya pili ni ya umeme, ambayo ilishika baada ya Elkington wa Birmingham, Uingereza, kupata hati yake ya uvumbuzi mwaka 1840, inatoa ganda la usawa zaidi lakini jembamba, na umeme unapenda kujaza ncha na kingo kuliko mabonde, kwa hivyo mabondeni unakuta njano imepwaya. Chini ya lenzi ukiona njano nene imejaa mabondeni na imeisha vileleni tu, fikiria zebaki. Mabonde mepesi na ukingo mnene, fikiria umeme. Sio sheria ya msahafu lakini mimi imenifaa mno. (Na naomba mtu yeyote asijaribu hivi vitu nyumbani, dawa za kuchovyea za umeme nyingi zina sayanaidi.)

Sasa ile inayoulizwa kuliko zote: senti kumi yenye tundu, nyeupe. Hapa anza na tarehe kabla ya kitu chochote. Senti kumi za East Africa and Uganda Protectorates, zile za kabla ya 1921, ni kopa-nikeli (kopa na nikeli zilizochanganywa), weupe ni rangi yao waliyozaliwa nayo, hakuna cha ajabu. Na senti moja za 1907 na 1908 ni za aluminiamu, nyepesi mpaka unahisi hujashika kitu, halafu kuanzia 1909 zikawa kopa-nikeli. Ilipokuja shilingi mwaka 1921, senti tano na senti kumi zenye tundu zikawa bronzi, nyekundu-hudhurungi. Kwa hivyo senti kumi nyeupe ya 1913 ni ya kawaida, na senti kumi nyeupe ya 1936 ina hadithi.

Hadithi yenyewe iko ndani ya tundu. Shika koini uiinamishe, uangalie ukuta wa ndani wa tundu kwa lenzi. Kama ilichovywa fedha ama nikeli ili itungwe kwenye uzi ama mkufu, ule ukuta wa ndani umesuguliwa na uzi siku zote, na upande mmoja tu, ule wa juu koini iliponing'inia, utakuta bronzi imetokea imeng'aa na pande nyingine bado nyeupe. Nikiiona hiyo alama huwa nafurahi, unajua kabisa hii ilivaliwa shingoni, na unajua hata ilining'inia ikiangalia wapi. Kama tundu ni jeupe kote sawasawa na ukingo haujafunuka popote, pima uzito, linganisha na senti kumi ya kawaida ya mwaka uleule na ya uchakavu uleule, kisha jaribu sumaku. Ikilingana na mwenzake, basi yaelekea ni bronzi iliyochovywa ikawekwa. Ikipishana sana ndo uanze kuwaza kwamba labda ilipigwa kwenye kipande cha metali nyingine, na hapo usikae nayo ukikisia, ipeleke kwenye mashine ya X-ray.

Hiyo mashine nayo muielewe. Masonara wakubwa wa mijini wanayo, haikwaruzi koini, inakupa asilimia za metali papo hapo. Lakini inasoma ngozi ya juu tu, sehemu ndogo sana ya milimita. Koini iliyochovywa dhahabu nene itakupa namba ya dhahabu na mwenye duka atakuandikia karati, na iliyochovywa nyembamba itakupa mchanganyiko wa ajabu, dhahabu kiasi fedha kiasi, ambao ukiuamini utadhani kiwanda kilitengeneza aloi (mchanganyiko wa metali) mpya. Pima sehemu mbili: katikati ya uwanja, na pale palipochakaa zaidi. Namba zikipishana umepata ganda.

Kwa reale kuna njia nzuri kuliko zote na ni ya bure, maji. Reale ya Maria Theresa, zote zimeandikwa 1780 hata kama zilipigwa karne ya ishirini huko Vienna, London, Roma ama Bombay, ni fedha ya 0.833 na uzito wake ni gramu 28.07. Za kudanganyia ziko nyingi, brasi ama metali nyingine iliyochovywa fedha. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya dijitali inayosoma nukta mbili, uirudishe sifuri, funga reale kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavuni, usome. Hiyo namba ya gramu ndo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito kwa ujazo. Reale halali inakuja karibu na 10.2, manake fedha tupu ni 10.49 na kopa ni 8.96. Brasi iliyochovywa itakupa 8.5 hivi. Hakuna ganda duniani la mikroni mbili litakalobadilisha hiyo namba. Halafu malizia ukingoni, reale haina meno, ina maandishi yaliyoinuka ya IUSTITIA ET CLEMENTIA yamezunguka na mapambo katikati, na ile ya kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu huwa na mstari wa maungio pale ukingoni ambao fundi ameufuta kwa tupa na kuacha mikwaruzo.

Jambo moja linawachanganya hata wakusanyaji wa miaka, shilingi ya simba. Shilingi za East Africa kuanzia 1921 mpaka 1946 ni fedha ya robo tu, 0.250, uzito gramu 7.78, na kuanzia 1948 fedha ikatolewa kabisa zikawa kopa-nikeli. Ile ya fedha ikichakaa, simba mgongoni na mfalme shavuni zinaingia njano-njano, mpaka wekundu, na mabondeni inabaki nyeupe. Mtu anaiona anasema imechovywa fedha, feki hiyo. Haikuchovywa. Fedha hafifu namna hii kabla ya kugongwa huoshwa kwa asidi, asidi inakula kopa ya juu, inabaki ngozi ya fedha karibu tupu, inatoka nyeupe inapendeza, na miaka ikipita ile ngozi inachakaa ndani inatoka rangi ya aloi yenyewe. Utaijua kwa sababu mpaka wa rangi hauna kona, unafifia polepole kutoka nyeupe kwenda njano, wakati ganda la sonara linaisha kwa mstari, kuna ukingo wa ganda unaouona kabisa kwa lenzi. Naumia sana nikisikia shilingi nzuri ya 1925 imeuzwa kwa bei ya skrapa kwa sababu mtu kaiita feki.

Limau na ukwaju hivyohivyo. Tunajua sote kwamba vinang'arisha shaba, na kwa sinia ni sawa kabisa, lakini brasi ikilowekwa kwenye asidi inapoteza zinki ya juu na kuacha ngozi ya kopa ya waridi, na kopa-nikeli iliyokaa muda mrefu kwenye mchanga wa pwani inageuka nyekundu. Kwa hivyo kuna koini zinaonekana zimevikwa kopa na hakuna aliyezivika, zimevuliwa. Uso wake huwa mkavu, hauna mng'aro, ukikuza unaona vishimo vidogo vidogo.

Ulaghai wa kweli nao una historia yake. Mwaka 1883 Marekani walitoa koini ya senti tano ya nikeli yenye V kubwa nyuma (tano ya Kirumi) lakini hawakuandika neno senti, wajanja wakaichovya dhahabu wakaitoa madukani kama dola tano, ikabidi neno liongezwe mwaka huohuo. Uingereza 1887 wakapiga siksipensi (koini ya fedha ya pensi sita) ya Jubilei ya Malkia Victoria yenye ngao inayofanana na nusu paundi ya dhahabu na ukubwa karibu ni mmoja, watu wakaichovya, ikabidi mchoro ubadilishwe. Siksipensi ina gramu 2.83 na nusu paundi gramu 3.99, mtu mwenye mizani hakulizwa. Nusu paundi za Victoria ziko kwenye masanduku ya watu hapa Mkomani na Langoni, kwa hivyo hii sio habari ya mbali, ukiletewa nusu paundi ya 1887 pima kwanza.

Na mkiokota koini ya zamani kwenye magofu ya kule visiwani, Manda, Pate ama Shanga, haya yote niliyoandika yawekeni kando. Msiioshe, msiisugue, msiitie limau wala maji ya chumvi. Mwaka 2013 timu ya mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba ilipata Manda koini ya Kichina ya enzi za mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424, yenye tundu la mraba, na thamani yake iko katika kujulikana ilitoka udongo gani na ilikaa na nini. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inataka vitu kama hivyo viripotiwe, na makumbusho ya Lamu yako palepale ufukweni.

Kuhusu bei, kwa wale mnaouza. Koini iliyochovywa baada ya kutoka kiwandani kwa mkusanyaji wa koini imeshuka, mara nyingine imeshuka sana, hilo ni la kukubali. Lakini naomba msiikwangue wala msiipeleke kwa mtu aitoe dhahabu, chini hutakuta koini safi, utakuta koini iliyosuguliwa, na sasa huna koini wala huna kipambo. Rupia ya maji ya dhahabu yenye kitanzi cha sonara wa Lamu iuzwe kama kipambo cha Lamu, useme wazi imechovywa, useme ilitoka ukoo gani wa vitu, kidani ama kikuku, na mnunuzi wa vipambo atakulipa vizuri zaidi kuliko mkusanyaji wa rupia. Mimi mwenyewe ninazo kadhaa na siziuzi.

Ukitaka niangalie yako, usinitumie ya kiganjani. Tuma picha ya mbele, ya nyuma, na ya ukingo koini ikiwa imesimama, upige karibu na dirisha bila flashi, na kama ina tundu ya nne iwe ya ndani ya tundu. Andika uzito kwa nukta mbili, upana kwa milimita, sumaku inashika au haishiki, na imetoka wapi. Nikipata hivyo vyote nitakujibu siku hiyohiyo umeme ukiwepo.